Lugha ya Kamba

Masalu katumbukia saa tatu asubuhi,
nami nimeshika kamba na mpira wa hewa
juu ya mtumbwi, kati ya Kayenze na Bezi,
kompresa ikikohoa kama pikipiki ya mkopo.

Tulipatana hivi:
mvuto mmoja, niko hai;
miwili, nilegezee;
mitatu, nitoe, usiulize.

Chini kuna tishari.
Lilizama na marobota ya pamba, wanasema,
mwaka ambao kila nyumba ya Magu ilipata bati.
Pamba imeoza. Chuma kimebaki,
na Rutashobya wa Igoma, mwenye mizani na lori,
ameketi mbele na jaketi jipya la kuokolea
akihesabu kilo asizoziona.

Maji ya hapa si kioo.
Ni mchuzi wa mlenda: unanyoosha mkono,
kiganja kinakuaga.
Masalu huona kwa vidole.

Mvuto mmoja.
Mvuto mmoja.
Kisha kimya, mapovu yakitoka mahali pamoja
kama mtoto aliyesahau alichotumwa dukani.

Kisha kamba ikatetemeka.
Si mmoja, si miwili. Kitu kidogo,
neno lisilokuwamo katika mapatano.

Alipanda amekumbatia nyavu za timba,
furushi zima, kisu mdomoni.
"Hakuna kitu. Matope tu.
Chuma kimelika, ukikigusa kinakuwa ugoro."

Rutashobya akanigeukia:
"Wewe ulishika kamba. Ilisema nini?"

"Kamba haina mdomo, bosi."

Usiku, tukizikatakata zile timba zisirudi majini,
ndipo akaniambia:
mlango wa tishari umebinyika, sangara hapiti,
na ndani, maji yalikotulia hata tochi ikafika,
kuna furu.

Furu! Wenye mikia myekundu,
wale mama aliowaanika juu ya mwamba,
mboga ya siku isiyo na senti,
tuliowala huku tukinuna.
Mwanangu anawajua kwa jina tu.
Walimdonoa vidole, Masalu alisema,
akazima tochi kwa haya.

Tulikosa laki mbili siku ile.
Kabula, mkewe, hajatusamehe,
na karo ya shule ni shahidi wake.

Nikipita pale sasa nazima injini,
nashusha kamba tupu.
Mara nyingine inavutwa, mara moja.
Ni mkondo, najua.