Bei Nusu Mpaka Saa Moja

Baa ya kwanza, menyu ni ya Kitaliano,
na bei nusu yao ni mshahara wetu mzima.
Ya pili, spika ilimeza hadithi ya Katsaka
kabla hajafika pale meneja alipolia.

Basi tukakata nyuma ya gereji, Maweni,
kwa Mbeyu: benchi moja, kuku miguuni, mnazi wa leo.
Hana bei nusu. Ana mihogo ya kukaanga,
pilipili ya kukusahaulisha deni,
na mirija anayoisuuza ukimtazama.

"Nani kawaudhi leo?" akauliza,
hata hatujakaa.

Katsaka akaanza upya, toka asubuhi.
Meneja akalia vizuri zaidi.
Saa moja ikapita, hatukuisikia.
Nauli tumeinywa. Tutatembea.