Pambizoni

Siku tatu niliketi chini ya mlima wa Nyabusalu
kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
fomu ya mkoa mapajani, nikihesabu kinachopita.
Safu tano: lori, basi, gari dogo, pikipiki, baiskeli.
Kila kipitacho, mkwaju mmoja.
Siku tatu nikapata pikipiki kumi na moja
na baiskeli moja, nayo imebebwa begani.

Ila miguu!
Alfajiri ilimiminika mawe kwa mawe
kama mtama ukimwagwa kwenye ungo:
wachuuzi wa dagaa wakiwahi mwaloni,
wanafunzi, viatu mkononi,
na wanaume wanne wamebeba kiti,
kitini Lugembe ameshikwa uchungu,
yeye akihesabu pumzi, mimi nikihesabu yeye.
Nikatafuta safu ya kiti.
Nikamwandika pambizoni: *mmoja, mjamzito, kwa kiti.*
Hadi jua la tatu kuzama
pambizo ilikuwa nyeusi kwa mikwaju.
Watu elfu mbili mia nne na kumi na sita.

Mkoani, ghorofa ya pili, feni linazunguka kwa kulazimishwa,
karanga kwenye visosi.
Magesa wa mipango akawasha jedwali ukutani.
Lami ya kuingia stendi, alama themanini na moja.
Kalavati la Ng'wagala, sabini na mbili.
Gati la kisiwa cha Nyamiselya, sitini na tisa.
Ngazi za zege, Nyabusalu:
nne.
Mtu akacheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Nikanyoosha mkono, mimi kibarua wa kutwa
niliyeitwa kuthibitisha saini tu.
"Watu wangu wako pambizoni."

Magesa hakunikaripia. Hilo ndilo lililoniuma.
Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.
"Kompyuta inasoma safu, kijana. Na hata ingesoma…"
Akaandika ubaoni fedha iliyopo,
juu yake fedha inayotakiwa,
akatoa.
Jibu lilikuwa refu kuliko ubao.
"Nitajie wa kunyimwa, nikupe ngazi zako.
Kalavati? Masika yaliyopita mto ulimchukua mwalimu
pamoja na madaftari ya darasa la saba.
Gati? Wagonjwa wanashushwa majini hadi kifuani,
dripu imeinuliwa juu kama taa.
Stendi? Ndiyo inayolipa ushuru
unaolipa kikao hiki, na karanga hizo."

Ukumbi mzima ukanigeukia.
Nikafungua kinywa. Nikamwona mwalimu.
Nikaiona dripu ikiyumba juu ya maji.
Shuka ni moja, fupi, na tumelala wengi:
nikivuta huku Nyabusalu,
kisiwani kuna mtu atapigwa na baridi ya ziwa.
Nikaketi.

Stendi ikapata. Kalavati likapata nusu,
"awamu ya kwanza",
kana kwamba mto nao utakubali kujaa nusu.
Gati, "liendelee kutafutiwa wafadhili".
Ngazi hazikusomwa tena.
Mlangoni Magesa akanirudishia fomu yangu
bila neno, akawahi simu yake.

Jioni nikaupanda mlima, nami sasa mkwaju tu.
Chini yangu ziwa limetandazwa kama bati jipya,
na taa za Kirumba zinawaka moja moja, kwa zamu.
Kwa Lugembe mlango uko wazi.
Mtoto wamemwita Nzila, njia,
kwa kuwa hakungoja wafike barabarani:
alizaliwa kwenye jiwe la tatu kutoka chini,
kiti kimewekwa kando.

Nikaketi kizingitini kwake, nikaikunjua fomu.
Chini kabisa ya mikwaju yangu, kwa penseli,
mwandiko mdogo wa mtu mwenye haraka
ulikuwa umejumlisha:
2,417.
Amezidisha mmoja, nikasema.
Nikahesabu upya, kidole juu ya wino.
Nikahesabu tena.
Ndani, Nzila akaanza kulia.