Karatasi ya Karanga

Nilikwenda kununua pasi.
Ile ya mkaa imetoboka kitako,
na nguo za harusi ya Mwanjaa hazingoji fundi bati.
Ngamiani, Barabara ya Nane,
duka lenye feni kumi zinazozunguka bila mnunuzi,
kijana wa kaunta alifungua daftari
kabla hajafungua boksi.

Jina kamili, mama?
Nikataja.
Namba ya simu?
Nikataja kwa sauti, tarakimu moja moja,
na foleni nyuma yangu ikanyamaza
kama darasa lililopewa hesabu ya kichwa.
Unakaa wapi? Makorora.
Karibu na nini? Mashine ya kusaga, mlango wa kijani.
Lete na kitambulisho nikitoe kopi,
ni kwa ajili ya waranti.

Waranti!
Pasi ya elfu ishirini na nane
inataka siku niliyozaliwa,
siku ambayo marehemu mume wangu
aliishi nami miaka kumi na tisa bila kuiuliza.

Wala sikukataa. Hapo ndipo aibu yangu ilipo.
Mimi ninayefunga noti kwenye pindo la kanga
mafundo mawili, la pili kwa meno,
nilijifundua mbele ya kijana
ambaye jina lake silijui hadi leo.
Siri ya mtungi aijuaye kata, tuliambiwa.
Kata siku hizi ni kalamu ya buluu.

Siku ya tatu simu ikaanza.
Hongera, umeshinda.
Ile hela tuma kwenye namba hii.
Bibi, ni mimi mjukuu wako, nimeshikwa Korogwe.
Mmoja aliniita kwa majina yangu yote matatu,
taratibu, kama karani wa mahakama,
na nikaitika.

Mvua za vuli zikapita.
Jioni moja nje ya Mkwakwani, timu yetu imefungwa,
nilinunua karanga za mia mbili ili nisiongee na mtu.
Nilikula nikashuka, nikashuka,
hadi penye chumvi na maganda.
Chini, uso wa mwanamke ukanitazama.

Si wangu.
Mwanamkuu Singano wa Pongwe.
Mafuta yamepenya jicho la kushoto.
Tarakimu ishirini, zote, hakuna iliyoliwa,
na pembeni, kwa kalamu ya buluu, namba ya simu:
saba zimekatwa kiunoni
kwa mwandiko ninaoujua.

Nilimpigia. Ungekuwa wewe usingempigia?
"Mama Mwanamkuu? Hunijui. Nina karatasi yako,
nimeona jina lako, na ulipozaliwa..."
"Mwizi!" akasema. "Safari hii hunipati."
Akakata.
Nilimsikia vizuri. Ningesema hivyohivyo.

Nyumbani nikaitoa pasi ya zamani uvunguni,
nikamkunja Mwanamkuu mara nne,
nikamlaza tumboni mwa pasi na kaa moja la moto.
Moshi ulitokea kitakoni, palipotoboka.
Jivu nikalimwaga mgombani.

Wiki jana nimenunua birika Chumbageni.
Jina?
Andika Mteja.
Mteja nani?
Mteja mwenye risiti.
Namba ya simu?
Mwanangu, birika likiharibika nitalileta mwenyewe,
halitapiga simu.
Akacheka, akaandika hivyo, Mteja,
na birika linachemsha vilevile.

Ila yangu ile ya kwanza, ya pasi,
bado iko mahali.
Kwa hiyo wakinipa karanga
nazimwaga zote kiganjani kwanza,
nafungua karatasi,
natazama.