Kitufe cha Manjano

Gitaa lenyewe lilikuwa la plastiki.
Tulilinunua mtumba, Punta Arenas, mwezi wa Juni,
kwa bei ya mikate sita na manung'uniko ya mama.
Halikuwa na nyuzi. Lilikuwa na vitufe vitano shingoni,
na cha manjano kilikuwa kimekufa.

Muuzaji alisema, "Vinne vinatosha."
Vinamtosha nani, hakusema.

Upepo wa huku hubisha hodi bila kungoja karibu.
Saa kumi na moja jioni giza limeshakaa kitako,
mama yuko kiwandani anapasua kaa,
na dada yangu Yasna kasimama mbele ya televisheni,
soksi mbili mbili miguuni, anangoja rangi zishuke:
kijani, nyekundu, buluu,
kisha manjano, na kidole kinabonyeza,
na kimya.
Shimo katikati ya wimbo.
Mchezo unamzomea, alama zinaporomoka.

Mara ya kwanza alitukana.
Mara ya ishirini aliacha matusi, akaimba.
Kila penye shimo alipajaza kwa mdomo,
mm,
akiziba ufa, maana ukuta hakuwa na uwezo nao.
Mzee Barría wa chini akagonga dari kwa ufagio,
naye Yasna akauchukua ufagio ule kuwa ngoma yake.

Alipofika miaka kumi na saba akapata gitaa la kweli,
na simu yenye kioo kilichopasuka, ndani yake programu
ya sindano inayotetemeka mpaka uzi ukae sawa,
ndipo iwake kijani.
"Umeona? Hata hii inazijua rangi," aliniambia.
Vidole vikamtoka malengelenge.
Plastiki haikuwahi kumdai ngozi.

Ukumbi wa wazima moto, usiku wa mchango.
Wanamuziki wakamwambia, "Anza na sol."
Yasna akatazama dirishani.
Kwetu neno hilo ni nota, na ni jua pia,
na jua lilikuwa limeshaenda zake.
"Ni ile nyekundu?" akauliza.
Wakacheka, mpiga kodiani akashika tumbo.

Kisha akapiga.
Kicheko hakikuisha papo hapo. Kilichukua ubeti mzima.

Nyuzi zote sita zilikuwa hai,
lakini mahali fulani, nilipopajua kabla hajapafika,
kidole kilinyanyuka kidogo, kikasita,
na mdomo ukasema
mm.

Wakadhani ni madoido.
Mimi nikakohoa, nikainama kufunga kamba za viatu
ambavyo havikuwa na kamba.