Msumari wa Kamalondo

Kipeperushi kilikuwa kinang'aa.
Kilisema maabara, hadubini kumi na mbili,
na mwenyeji stendi, ameshika bango lenye jina lako.
Nikauza cherehani. Nusu nikalipa,
nusu mama akakopa kwenye kikoba chake cha Mwanjelwa.

Siku tatu. Tunduma, kisha Zambia yote gizani,
kisha Kasumbalesa, ambako malori yamelala foleni
kama ng'ombe waliosahau wanangoja nini.
Lubumbashi, saa tano usiku.
Nikasoma mabango yote ya stendi,
la sabuni, la kanisa, la laini za simu,
nikitafuta jina langu.

Simu ya Bwana Musonda, mratibu,
iliita mpaka ikachoka.

Alipopatikana alikuwa na suti ya samawati na pole nyingi.
Hosteli haijalipwa; nitakaa kwa mama mmoja, Kamalondo,
kwa muda tu.
Maabara ipo, ila ufunguo anao profesa,
profesa yuko Likasi,
na Likasi kuna msiba.
"Kuya kesho."
Kwetu tunasema njoo kesho.
Siku ya kwanza tofauti hiyo ilinifurahisha,
nikaiandika daftarini kama mtu aliyeokota jiwe geni.
Siku ya tisa niliifuta.

Majakaranda yakachanua. Yakapukutika.
Ziara ya mgodini iliishia getini:
mlinzi akaisoma barua yetu, akaigeuza,
akasoma na mgongo wake mweupe,
akauliza muhuri.
Tukapiga picha na geti.

Mama Kabedi anauza chikanda, haulizi maswali mengi.
Usiku wa kwanza aliniwekea bukari na lengalenga,
akanionyesha kitanda.
"Ni cha mwana wangu, Kalenga.
Ye njo balitumaka kwenu."
Kwetu wapi?
Akaleta kipeperushi.
Kilikuwa kinang'aa.

Jumapili Kalenga akapiga simu kutoka Mbeya,
amesimama mlangoni pa chuo changu.
"Dada, maabara yenu inafunguliwa saa ngapi?"
Nikanyamaza.
Kufuli lile nalijua.
Nimelipita miaka miwili
nikidhani ufunguo uko ng'ambo.

Nikampa namba ya mama.
Jioni ukaja ujumbe: Mkongo wako kafika,
anatetemeka, nimempa blanketi lako,
viazi kamaliza.

Mlango wa jikoni wa Mama Kabedi
huzuiwa na jiwe la kijani, zito, la malakiti.
Nikaomba ruhusa. Nikakwangua unga wake kwenye sahani,
nikaumwagia siki.
Povu. Povu dogo,
kama mtoto anayetaka kusema mbele ya wageni.
Maji yakageuka rangi ya bahasha za zamani za ndege.
Nikausugua msumari kwa mchanga, nikautumbukiza,
nikaenda kulala.

Asubuhi ulikuwa umevaa shaba.

Mama Kabedi akauinua dirishani.
Marehemu mumewe aliivuta shaba hii kwa mapafu
miaka ishirini na sita;
yeye ndiyo kwanza anaiona ikizaliwa.
"Ah," akasema. "Njo vile."
Akarudi kwenye karanga zake.

Cheti nimepewa. Kina bendera mbili, kina muhuri,
ule ule tulioukosa getini.
Jina: Tusaidiwe.
Mimi ni Tusajigwe.
Bwana Musonda akasema kitarekebishwa,
nikuye kesho,
na basi langu lilikuwa saa kumi na moja alfajiri.

Usiku ule niliupigilia msumari ukutani,
juu ya kitanda cha Kalenga.
Nyundo iliibandua shaba kichwani, chuma kikachungulia.
Si kitu.
Ni wa kutundikia koti.
Atarudi na koti, najua;
mama yangu hamwachi mtu
aondoke Mbeya bila.