Kushika Fito Sabaki

Tsofa wa vipimo aliniajiri siku kumi na moja
nimshikie fito, juu ya daraja na chini yake.
Mto, alisema, hautambuliwi kwa jina.
Utambue kwa mwendo, kama mtu wa mbali
ambaye uso wake hujauona.

Tulianza na ulionyooka.
Tukaupata mita mia mbili tu, penye mawe,
na hata hapo kina kilihama ukingo huu kwenda ule,
mlevi aliyeapa kufuata mstari.
"Kunyooka hakudumu," akasema. Akaandika.

Kisha kona. Hapo sikuhitaji mwalimu:
shamba la mama lilikuwa ukingo wa nje,
maji yanapokimbia yakichimba chini kwa chini
hadi alfajiri moja migomba sita ikainama, ikaenda.
Ng'ambo, kwa Jumwa, maji huchoka, hutua mchanga.
Miaka minane sikula boga la Jumwa.

Tsofa alipima njia ya maji,
akapima njia ya kunguru,
akagawanya: moja nukta saba.
"Ikizidi moja na nusu, huu ni mto wa kupinda."
Nikamuuliza, na migomba inaingia wapi humo?
Hakuandika.

Karibu na bahari mto ukatanuka, ukapoteza kina.
Nilivuka fito begani, maji magotini:
mkondo, fungu, mkondo, fungu,
saba asubuhi, jioni mitano.
"Mzigo umeushinda," akasema, "unautua,
kisha unauzunguka." Akatafuta neno.
Nikampa: umesukwa.
Shangazi Mbeyu husuka vichwa Malindi sokoni,
na misuko yake hukaa wiki tatu.
Huu haumalizi usiku.

"Ila usiite msuko kila kilichogawanyika.
Tazama kisiwa. Kikiwa na miti mikubwa, yenye mizizi,
mikondo yake iliachana zamani, na haina haraka ya kurudiana."

Siku ya malipo nikamwonyesha kwa Jumwa.
Udongo wetu ule, nikasema.
Akatikisa kichwa. Maji ya kona, alisema, kwa kawaida
hayavushi walichokiiba;
hukitua kona inayofuata,
upande huu huu wenu.

Kona inayofuata simjui mtu.
Nimenunua boga kwa Jumwa, kubwa,
akaniangalia sana kabla ya kupokea pesa.
Kesho nitashuka na mto,
nione nani analima mama yangu.