Amana ya Maji Chumvi

Jumatano Kemirembe alinikabidhi ufunguo,
na daftari, na visanduku vya vidonge
kutoka duka lake la dawa, vile vya wagonjwa wasahaulifu:
Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, kila siku na kifuniko chake,
na ndani, badala ya dawa, chembe za chakula.
"Usiongeze," akasema. "Watakutazama kama mayatima.
Waongo hao. Humu hajafa mtu kwa njaa.
Wote waliokufa waliuawa na huruma."

Mimi hapa Nakiwogo namjua samaki mmoja tu, sangara,
naye namjua akiwa ameshalazwa kwenye barafu.
Tangu saa moja asubuhi kisu changu kinamvua ngozi,
minofu kulia, mifupa kushoto,
kichwa kwa wanaosubiri getini.
Jioni navua gambuti, nanawa kwa ndimu mara tatu,
ndipo naenda kuwaamkia samaki wasioliwa.

Lita mia tatu za bahari, sebuleni, Entebbe.
Ziwa lenyewe liko pale dirishani, halina mwisho,
na halifai hata tone.
Chumvi hutoka kwenye ndoo, ya unga,
hukorogwa kama uji wa mgonjwa.
Maji yakipungua, daftari linasema, ongeza maji matamu:
kinachoruka ni maji, chumvi haiendi popote.
Mstari huo niliusoma mara mbili. Nikamkumbuka mama
alivyopungua, na ukali wake ukabaki uleule.

Matumbawe nilidhani ni mawe.
Usiku wa pili nikayaona yakinyoosha vidole.
Wako wawili wa rangi ya chungwa, hulala
ndani ya kitu chenye sumu
kama watoto ndani ya blanketi la bibi.
Yuko kaa mpangaji, nyumba si yake, kama mimi.
Na yuko kamba mwekundu, masharubu meupe;
nilipotia mkono kufuta kioo
alikuja akanisafisha kucha.
Miaka kumi na moja niko na samaki.
Hakuna aliyewahi kunigusa kwanza.

Jumatatu, saa tatu usiku, umeme ukakatika.
Betri ikalia, ikalia, saa saba ikanyamaza.
Daftari: "Wape hewa." Basi, hakuna zaidi.
Nikashika jagi. Nikateka, nikamimina,
nikateka, nikamimina, kutoka juu,
ili maji yaanguke kwa kishindo,
tochi ya simu nimeiegemeza kwenye picha ya harusi.
Saa nane. Saa tisa. Bega la kisu likawaka moto.
Niliwahesabu: kumi, tisa, kumi.
Niliwatukana watu wa umeme kwa Kiganda, kwa Kiswahili,
na kwa Kilugbara yale niliyokatazwa.

Saa kumi na moja taa zikarudi, pampu ikakohoa,
na chini, mchangani, nikamwona kamba:
mweupe, mwepesi, mtupu, na masharubu yake yote.

Nikakaa sakafuni, ndala zimelowa,
nikitunga sentensi ya kumwambia mwenyewe.

Ndipo simu. Kemirembe, kutoka Tanga.
Miaka tisa ameifuga bahari, hajawahi kuiona.
"Driciru!" upepo unamkata maneno,
"inanukia sebule yangu! Yote, mpaka kule mwisho,
inanukia sebule yangu!
Haya, wazima?"

Nikafungua mdomo.
Nyuma ya jiwe yakatokea masharubu mawili,
kisha mengine, kisha yeye,
mpya, mwekundu wa kuona haya,
kumbe amevua vazi lake la zamani
katikati ya giza langu.

"Wazima," nikasema. "Tunafungua kisanduku cha Jumanne."

Lile ganda nimelitia kwenye kiberiti.
Kazini wameniuliza mkono una nini,
nikawaambia usiku kucha nilikuwa nateka bahari kwa jagi.
Walicheka, na msimamizi naye akacheka.
Sangara wa kwanza alikuja ameachama.
Nikamfunga mdomo, taratibu,
kabla ya kumkata.